Hakuna Nyumba Mlimani

Nyumba ya Katikati, Mlima Cobb
Vermont
12 Februari 2015

Mdogo wangu Royce,

Barua yako ya Krismasi imenifikia mwezi wa pili. Posta haina kosa. Umeandika tarehe ya Desemba, muhuri unasema Januari mwishoni. Tangu utoto wewe ni mtu wa kufunga bahasha na kuisahau mfukoni. Usinilaumu nami nikichelewa kujibu. Simu walikata waya siku walipozima vile viti vya kamba vya kuwapandisha juu watu wa kuteleza kwenye theluji, na hiyo ya mkononi huku juu haishiki hata ukipanda juu ya paa.

Unauliza habari za mlima. Viti bado vinaning'inia kwenye kamba vilipoachwa, vinalia kukiwa na upepo. Hakuna anayetumaini vitazunguka tena, theluji yenyewe siku hizi inakuja kwa kusuasua. Sasa kuna kampuni ya mjini inataka kuununua mlima wote, ijenge nyumba za kupumzikia matajiri kuanzia chini hadi kiunoni. Watu wetu wamesema hapana, tutaununua sisi, ubaki kama ulivyo. Anayetaka kuteleza apande kwa miguu yake na mbao zake za kutelezea begani, kisha ateremke. Mwindaji awinde, mzee atembee na mbwa wake. Tumepika maharage ya kuchangisha pesa kwenye chumba cha chini ya kanisa mpaka watu wanayakimbia.

Mimi ndiye ninayekoroga sufuria kubwa kuliko wote, na wewe unajua kwa nini. Nyumba hii haina karatasi. Mzee Thorndike, alipokuwa mwenye mlima, alimwambia Merle wangu, "Kaa hapo mpaka ufe, na mkeo vilevile," wakapeana mikono, mambo yakaisha. Thorndike amekufa, Merle amekufa, na kampuni haiwezi kuheshimu mikono ya marehemu. Watu wa hapa wanaiheshimu. Wakiununua wao, hakuna atakayekuja kuniuliza neno, nitakaa na jiko langu la kuni hadi siku yangu ifike. Ikinunua kampuni, nitakuwa barabarani kabla majani hayajachipua. Basi napika maharage kama mtu anayepigania roho yake.

Uamuzi ni kwenye mkutano wa mji, Jumanne ya kwanza ya Machi kama kawaida. Usicheke, nitaenda. Maisha yangu yote sijasimama kusema kitu pale. Merle ndiye alikuwa msemaji, mimi nilikuwa nafuma soksi. Safari hii pia nitafuma, ila nitafuma kwa hasira.

Goti lako linaendeleaje huko jangwani?

Ni mimi dada yako,
Arlene


Danforth Mills, Vermont
5 Machi 2015

Ndugu Royce,

Utashangaa kupata barua yangu. Tangu tuache shule sidhani nimekuandikia zaidi ya kadi. Nakuandikia kwa sababu najua dada yako hatakueleza mwenyewe, na ni jambo ambalo familia yake inapaswa kulijua.

Mlima ni wetu. Lakini si hilo tu.

Nilikuwa naendesha mkutano kama kila mwaka. Ukumbi ulijaa, wengine walikaa kwenye madirisha. Mwakilishi wa kampuni alikaa nyuma kabisa na koti lake zuri, haruhusiwi kusema kwa kuwa si mkazi. Wakili alieleza kwamba kuna taasisi ya kutunza ardhi itakayotuongezea pesa zilizobaki, kwa sharti kwamba tuandike masharti ya milele juu ya mlima, na taasisi ndiyo itakayoyashika. Maneno ya masharti tuyachague wenyewe pale pale. Clifton Ames akasimama. Unamkumbuka Clifton, hajawahi kuona ardhi tupu bila kuona nyumba ya wageni. Akasema tuache nafasi ya majengo machache, kwa siku zijazo. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, maana saa ya chakula ilikuwa inakaribia.

Hapo Arlene akaweka soksi yake pembeni akasimama. Royce, ukumbi mzima uligeuka.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "mimi nakaa kule juu. Mkiwaachia mwanya wa nyumba moja, watarudi na nyumba mia. Napendekeza iandikwe hivi: hakuna nyumba mlimani, hakuna injini mlimani, milele."

Ilinipasa kuuliza, nikauliza. "Bila kubakiza, Arlene?"

Akamtazama Clifton, si mimi. "Bila kubakiza."

Akakaa, akaokota soksi yake. Sote tulielewa anachokitoa. Mwanamke mjane, nyumba aliyoolewa ndani yake, anaitoa kwa kinywa chake mbele ya watu, hata sauti haikutetemeka. Nilipoita kura, wale wanaogombana kila mwaka kuhusu kokoto za barabara walisimama pamoja. Clifton naye alisimama. Wanaume niliosoma nao walikuwa wanajifuta macho kwa mikono ya makoti.

Karatasi za mwisho zitatiwa sahihi mwezi wa tano, na kufuatana na masharti, nyumba itabidi ivunjwe kabla ya theluji ijayo. Kazi hiyo tutaifanya wenyewe kwa mikono na kwa heshima. Sijaenda kumwuliza atahamia wapi. Bila shaka alikuwa amelifikiria kabla ya kusimama, na si desturi yetu kuingilia mambo ya mtu.

Nimeongoza mikutano ile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijaona kitu kama hicho. Jivunie dada yako.

Wako kwa heshima,
Hollis Wetherbee


Nyumba ya Katikati
9 Machi 2015

Royce,

Soma barua hii ukiwa peke yako kisha uichome. Natumaini jangwani bado mnajua kuwasha moto.

Nimesimama mkutanoni. Nimesema hakuna nyumba mlimani milele. Wamepitisha. Nilikuwa namwangalia Clifton Ames na hizo nyumba zake za wageni, damu ikanipanda, nikasema. Hollis akaniuliza, bila kubakiza? Nikasema bila kubakiza. Nilijiona mtu mkubwa, nakuambia ukweli. Nikakaa nikifuma.

Halafu tukashuka kula chakula cha mchana. Dorcas wa Hollis akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akaniuliza jiko langu la kuni nitalipeleka wapi. Nilidhani umri umempata vibaya. Nikamjibu jiko litakaa lilipo. Akanibusu shavuni akasema, "Unafanya mzaha hata leo." Nyuma yake kulikuwa na msururu wa watu wanaongoja kunipa mkono. Na mimi nikiwa na sahani ya nyama mkononi, ndipo nikaelewa nilichosema.

Royce, sikuifikiria nyumba yangu. Naapa kwa kaburi la Merle. Nilipotamka neno nyumba nilikuwa naona zile za kampuni, zenye vioo vikubwa na magari matatu mlangoni. Hii si nyumba mlimani. Hii ni kwangu. Mtu hahesabu kwake.

Utauliza kwa nini hakuna aliyeniuliza. Wewe umezaliwa hapa, unajua. Hapa mtu anaweza kuvaa viatu viwili tofauti mwaka mzima na hakuna atakayemwuliza, tutasema labda ana sababu zake. Walidhani nina sababu zangu. Na mimi nilidhani wanajua kwamba mimi sihesabiki. Kila mtu alikuwa na adabu.

Na kwa nini sikusema palepale? Niliangalia nyuso zao. Miaka yote nimeishi na watu hawa, wamenijua kama mke wa Merle wa viti, yule anayekaa huko juu na kununua unga kwa gunia. Siku ile waliniangalia kama mtu. Ningewaambiaje kwamba ni bahati mbaya? Kwamba yule mama waliyemsimamia alikuwa hajui anachosema? Dorcas aliuliza tena nitahamia wapi. Nikasema, "Bado nafikiria." Ndilo jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa, na sasa naishi ndani yake.

Wewe tu ndiye unayejua. Niahidi haitatoka kwako. Niandikie neno hilo kabla hujaandika jingine lolote.

Arlene


Yuma, Arizona
20 Machi 2015

Dada Arlene,

Naahidi. Haya, nimeandika neno lako kwanza. Sasa nisikilize.

Umechanganyikiwa? Teremka sasa hivi, nenda kwa Hollis, umwambie. Sema tu, "Hollis, nilikosea." Maneno mawili. Hayaui. Mimi nimewaambia wake wawili na wote walifurahi kuyasikia, ingawa waliondoka hata hivyo.

Hollis ameniandikia, unajua? Barua ndefu imejaa sifa zako, ningeweza kuifanyia fremu. Niliisoma nikatoka nje kuwaringia majirani. Nikasema huyo ndiye dada yangu, mimi ndiye niliyepata akili kidogo. Siku nne baadaye yako ikafika, nikakaa chini kwenye ngazi na jua lote lile, nikaona baridi.

Karatasi za mwisho hazijatiwa sahihi. Hollis anasema mwezi wa tano. Bado kuna nafasi, Arlene. Watu wale wanakupenda. Watacheka wiki moja, watakutania hadi kufa kwako, basi. Kutaniwa si vibaya kuliko kulala bila paa.

Kama huwezi, njoo huku. Nina chumba. Hakuna theluji, hakuna mlima, hakuna mtu atakayekuangalia kama shujaa. Jirani yangu ana kasuku anayetukana.

Nitafunga mdomo kwa kuwa umeniomba, lakini unanichoma.

Mdogo wako,
Royce


Nyumba ya Katikati
24 Mei 2015

Royce,

Wametia sahihi.

Nilikusudia kusema. Nilishuka katikati ya matope, ile barabara ilikuwa inameza buti hadi magotini, nikiwa nimeyapanga maneno yako mawili mdomoni tangu juu hadi chini. Nilifika ukumbini nikakuta wameniwekea kiti mbele. Palikuwa na maua. Dorcas alikuwa ameniokea keki. Walikuwa wamechonga ubao wa mwaloni, wanasema ile njia kubwa ya kuteremkia, ambayo Merle alikuwa akiisawazisha theluji yake usiku kucha, tangu sasa inaitwa Njia ya Arlene. Mtu wa gazeti alikuwepo. Alinieleza kwamba kuna watu wa mbali, hawajawahi kukanyaga hapa, wameitumia taasisi pesa za mwisho zilizopungua baada ya kusoma habari zangu.

Wakili akaomba niwe shahidi. Nikatia sahihi, Royce. Kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu. Mkono uliandika vizuri kuliko siku zote.

Yale maneno mawili nilirudi nayo juu. Yapo bado, ila sasa hayafai kitu.

Usiniandikie tena kuhusu kusema. Niandikie kuhusu kasuku.

Arlene


Yuma, Arizona
11 Juni 2015

Hollis we mzee,

Nakuandikia nikiwa navunja ahadi, kwa hiyo nitaivunja haraka. Dada yangu hakukusudia nyumba yake. Alikuwa anamsema Clifton. Alitambua alichosema baadaye, akiwa ameshika sahani ya chakula, na mlikuwa mmeshapanga msururu wa kumpa mkono.

Hajui nakuandikia. Akijua, hatanisamehe, na mimi najua kutosamehe kwake, alininunia tangu mavuno hadi pasaka kwa sababu ya sungura. Lakini siwezi kukaa huku nikielea kwenye bwawa la jirani wakati dada yangu anapakia vyombo vyake kwa sababu ya adabu zenu.

Wewe ni mwenyekiti, unajua sheria, unajua watu. Tafuta njia. Isemwe kwamba ni jengo la kihistoria, isemwe ni kibanda cha waokoaji, isemwe ni mti. Mwache akae. Ila usimwambie kwa nini.

Na kama njia haipo, basi hujawahi kupata barua hii. Nakuomba hilo kama tulivyoombana zamani.

Royce


Danforth Mills
18 Julai 2015

Royce,

Nimesoma barua yako ghalani ili Dorcas asinione, na nimekaa nayo mwezi mzima nikijaribu kila mlango.

Nilianza na wakili, bila kutaja jina. Nikasema tuseme kuna mtu alitoa pendekezo naye hakuelewa upana wake. Akasema kilichoandikwa ndicho kilichopo. Nikaenda kwenye taasisi yenyewe, safari ya nusu siku. Walinipa kahawa. Ni watu wema, waliniuliza hali ya Arlene, wana picha yake ukutani. Nilipouliza kama nyumba moja ya zamani inaweza kubakizwa kwa uhai wa mtu mmoja tu, kijana mmoja mpole alinieleza kwamba kila aliyetoa, alitoa kwa neno milele. Kulilegeza kunahitaji mahakama, na mahakama itauliza ridhaa ya watoaji, na baadhi yao wameshafariki tayari. Akasema wakitulegezea sisi, kampuni zote za nchi hii zitakuja na bibi kizee wao. Sikuweza kumpinga. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema hivyo hivyo.

Hata tukiitisha mkutano mwingine na kupiga kura wote, haitusaidii. Tulichotoa hakimo mikononi mwetu tena. Ndicho tulichojivunia, kwamba hakuna atakayeweza kukifungua. Basi hakuna anayeweza, na sisi tumo.

Niliulizia pia kama nyumba inaweza kushushwa nzima. Imekaa juu ya mwamba na dohani yake ya kutolea moshi imeshikana nao. Fundi alisema itapasuka kabla haijafika kwenye kona ya kwanza, na juu ya hayo hakuna injini inayoruhusiwa kupanda kuivuta.

Tumemwomba akae kwetu. Alikataa, akamshukuru Dorcas. Amechukua chumba juu ya duka la Ducharme.

Nilimwuliza bila kubakiza. Nalisikia swali hilo kila ninapofunga macho. Kwa nini sikumwuliza kama rafiki? Nilimwuliza kama mwenyekiti.

Siku ya kuivunja ni tarehe kumi Oktoba. Barua yako sijaipata, kama ulivyoomba. Sijamwambia hata Dorcas. Nitakuwepo siku hiyo kama kila mtu, na hataona kitu usoni mwangu.

Hollis


Yuma, Arizona
22 Septemba 2015

Dada yangu,

Kasuku amejifunza jina langu na analitumia vibaya.

Nilitaka kuja hiyo tarehe kumi, nimeshaulizia tiketi, lakini daktari anasema goti litapasuliwa wiki hiyo hiyo, na nisiposhika nafasi hii nitasubiri hadi mwakani. Kwa hiyo nitakuwa nimelala kitandani, mguu juu ya mto, na wewe uko huko. Najiona sina maana yoyote. Nimekaa kwenye simu na daktari nikimwomba asogeze siku, akaniuliza kuna harusi?

Ulichoniambia kimekaa kwangu. Mdomo nimeushona.

Chumba chako huku kipo. Nimepaka rangi. Ni rangi mbaya lakini ni mpya.

Mdogo wako,
Royce


Juu ya duka la Ducharme
Danforth Mills
14 Oktoba 2015

Mdogo wangu Royce,

Imekwisha. Nimeambiwa goti lako pia limekwisha salama, muuguzi wako alipiga simu dukani na Bibi Ducharme akapanda kunieleza. Ndiyo faida ya kukaa juu ya duka, habari zinapanda ngazi zenyewe.

Nikueleze siku ilivyokuwa. Kulikuwa na baridi kavu na jua, majani karibu yote chini. Hakuna injini mlimani, kama nilivyosema mwenyewe, kwa hiyo walikuja kwa miguu, mji mzima, na nyundo na mitaimbo begani. Ducharme alileta ng'ombe wake wa kukokota. Viti vilishaondolewa mwezi uliopita kwa mikono hiyo hiyo. Jiko langu la kuni lilishushwa juu ya sleji, lile gari la mbao la kuburuta lisilo na magurudumu, wanaume wanalizuia kwa kamba lisiwapige mgongoni, wakipiga kelele na kucheka. Vioo vya madirisha vilishushwa kimoja kimoja, kila kimoja mtu na blanketi lake, kama wanabeba watoto.

Unajua desturi. Mwenye kazi ndiye anayelisha wafanyakazi. Kazi ilikuwa yangu, basi nilipika. Nililala jikoni usiku wa mwisho ili nimalize. Pai za kuku, maharage, boga la kuoka, pai za tofaa, mkate. Walinitolea meza nje uani, na wakati ninapanga sahani, nyuma yangu walikuwa wanang'oa ukuta wa chumba nilicholala na Merle. Sikugeuka. Nilihesabu vijiko.

Sasa nisikilize vizuri, maana hiki ndicho ninachokuandikia.

Saa ya chakula walipanga mstari. Na kila mmoja, Royce, kila mmoja alipofika mbele yangu alivua kofia akasema asante. Clifton Ames alisema asante. Mwalimu wa shule alisema asante, na watoto wake wote mmoja mmoja. Mzee Prentiss, ambaye hajamsemesha mtu tangu mkewe afe, alisema asante. Wewe unadhani ilikuwa inaniumiza. Hata mimi nilidhani itaniumiza. Lakini kila walivyosema, nilisimama imara zaidi. Nilianza kuwajibu. Nikasema karibuni, si kitu, ni kwa ajili yetu sote. Kufika katikati ya mstari, nakuapia, nilikuwa naamini. Nilimwona yule mama aliyesimama mkutanoni akatoa nyumba yake kwa kinywa chake, na alikuwa mimi. Nikafikiri, basi, inawezekana. Nyumba imekwenda, lakini nitashuka na huyu mama. Nitaishi naye juu ya duka. Atanitosha.

Hollis alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alishika sahani kwa mikono miwili. Hakuniangalia, aliangalia pai.

"Pole, Arlene," akasema.

Watu wote wamesema asante. Yeye kasema pole, neno la kumwambia aliyepatwa na bahati mbaya, si aliyetoa kwa hiari.

Nikamwambia, "Pole ya nini, Hollis? Ongeza kuku." Aliongeza. Akaenda kukaa peke yake kwenye kisiki na sahani magotini, na hakula.

Kwa hiyo ulimwambia. Sikuulizi lini. Najua ulifanya kwa kunipenda, na najua yeye alijitahidi, maana Dorcas alinieleza kwamba mwezi wa saba alisafiri siku nzima hakusema ameenda wapi. Sina hasira na ninyi, au ninayo lakini haina mahali pa kukaa. Jioni wakaimba, wakaunguza mbao mbovu, kila mtu alikuwa na furaha. Mimi nilishuka kwa miguu yangu na kapu la vijiko, na yule mama hakushuka nami.

Duka la Ducharme ndilo pekee hapa, Royce. Hollis anakuja kila asubuhi kununua gazeti. Ananisalimu kwa upole sana. Kila mtu mwingine akiniona anamwona shujaa, na nilikuwa niko tayari kuzeeka hivyo. Yeye akiniona anamwona kikongwe aliyebomoa nyumba yake kwa mdomo, na mimi nikimwona, namwona huyo huyo.

Usiniombe msamaha. Ukiomba itanibidi nikusamehe, nami bado sijaweza. Niandikie habari za goti.

Dada yako,
Arlene